Picha za harusi kwenye majengo ya zamani ya Lubumbashi

Kila msimu wa ukavu unapoingia, maswali ni yale yale. Maarusi wanataka kujua ni wapi mjini wapigiwe picha zenye hadhi. Wapiga picha vijana wanauliza kwa nini picha za ndani ya Kanisa Kuu zinatoka za giza, na kwa nini mlinzi amewafukuza mbele ya jengo ambalo watu wote hupita hapo kila siku. Nawajibu wote pamoja, kwa sababu karibu matatizo yao yote yana chanzo kimoja: watu hufika kwenye jengo kwa mara ya kwanza siku ya harusi yenyewe. Jengo la zamani halipigwi picha kwa kubahatisha. Lina mwanga wake, lina wenyewe, na lina sehemu zilizochoka. Hayo yote yajulikane kabla ya Jumamosi.

Lipi tulichague?

Mji wetu si mkongwe kama Mombasa au Zanzibar. Ulianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, ukaitwa Élisabethville mpaka mwaka 1966. Hata hivyo, katika miongo hiyo michache palijengwa vitu vinavyostahili kuonekana kwenye albamu. Ninayoulizwa zaidi ni haya:

- Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Matofali mekundu, hadhi kubwa, na kila familia inalijua. Ugumu wake ni mwanga wa ndani na msongamano wa Jumamosi.
- Théâtre, yaani Jengo la 30 Juni. Ni kazi ya miaka ya 1950 ya Claude Strebelle na wasanifu wenzake. Mistari yake ya kisasa inapendeza sana na suti na gauni refu. Lakini Bunge la Mkoa limelitumia, kwa hiyo ulinzi wake si wa mchezo.
- Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, jirani yake. Hapa unazungumza na uongozi unaojua thamani ya picha, na mara nyingi mazungumzo huwa mepesi.
- Sinagogi, iliyochorwa na Raymond Cloquet na kujengwa karibu mwaka 1930. Ni nyumba ya ibada ya jamii ya Wayahudi ambao wengi asili yao ni kisiwa cha Rhodes. Usiigeuze mandhari ya kupambia tu. Ukitaka kupiga picha hata kutoka nje, omba.
- Mahakama, Posta, stesheni ya reli. Ni mazuri kwa macho, lakini ni mali ya dola au ya mashirika yake. Bila karatasi mkononi, yaache.

Na lile bomba refu la moshi la kampuni ya migodi ya Gécamines pamoja na mlima wake wa takataka za kiwandani? Vijana wanalipenda kwa sababu ni alama ya mji, na Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa, ameionyesha dunia sura za migodi yetu kupitia kamera yake. Lipige likiwa mbali, nyuma ya maarusi, ukiwa umesimama mahali pa wazi. Usijaribu kuingia kwenye eneo la kiwanda.

Shauri langu kwa maarusi: chagueni jengo moja la nje na moja la ndani, basi. Kuzunguka sehemu nne mjini kwa msafara wa magari Jumamosi alasiri ni kuwachosha wazee na kumfikisha bibi harusi ukumbini akiwa amelowa jasho.

Ruhusa: hapa ndipo wengi wanakwama

Hapa kwetu kamera kubwa mbele ya jengo la serikali huamsha maswali haraka, na askari hana wajibu wa kujua kwamba wewe ni mpiga picha wa harusi tu. Kumwambia "ni mahali pa umma" hakutakusaidia. Fuata njia hii:

1. Jua jengo ni la nani. Kanisa ni la parokia, kwa hiyo nenda kwa paroko. Ofisi ya serikali ina mkuu wake. Jumba la zamani lililogeuzwa hoteli au makazi lina mwenyewe.
2. Andika barua fupi kwa Kifaransa angalau wiki tatu kabla: tarehe, saa, idadi ya watu, vifaa utakavyoleta, na kwamba picha ni za familia.
3. Peleka nakala mbili. Moja inabaki kwao, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na unarudi nayo. Nakala yenye muhuri ina nguvu kuliko maneno mia.
4. Jibu likija, uliza nani atakuwa zamu siku hiyo. Mfahamu, chukua namba yake ya simu, mpigie Ijumaa jioni.
5. Kukiwa na malipo, lipa ofisini na upewe risiti. Noti inayoingia mfukoni mwa mlinzi wa kwanza haimzuii mlinzi wa pili.

Wasomaji hunijibu: "Lakini fulani alipiga pale bila barua na hakusumbuliwa." Ni kweli, yapo. Ila bibi harusi ana siku moja tu. Mkifukuzwa wewe na rafiki yako mnarudi Jumatatu. Akifukuzwa yeye na shela yake mbele ya wakwe, hakuna Jumatatu.

Droni ni habari nyingine kabisa. Inahitaji kibali cha usafiri wa anga na cha usalama, na katikati ya mji wenye ofisi nyingi za serikali usiirushe bila vyote viwili, hata kama familia imelipia.

Nenda wiki moja kabla, saa ileile

Kama misa ni saa nne asubuhi na picha za nje ni saa tisa alasiri, basi uwe pale Jumamosi inayotangulia, saa nne na tena saa tisa. Beba kamera na mtu mmoja wa kusimama mahali pa bibi harusi. Angalia kivuli cha mnara kinaangukia wapi, magari yanaegeshwa wapi, na nani anauza nini langoni.

Kuna jambo moja la jua la Lubumbashi ambalo vitabu vya Ulaya havitakwambia. Sisi tuko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 11 na nusu. Kuanzia Machi mpaka katikati ya Oktoba, jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini. Maana yake ukuta unaotazama kusini unabaki kivulini katikati ya mchana, na hapo ndipo utakapowaweka maarusi saa sita bila kuwakunja nyuso. Mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Februari jua linapita utosini kabisa: macho yanageuka mashimo meusi, na vivuli vya pua vinaangukia midomo. Katika majuma hayo usikubali picha za nje kati ya saa tano na saa nane. Ingieni barazani, chini ya tao, au chini ya mti.

Kuhusu jioni: mwezi wa Juni jua linazama dakika chache kabla ya saa kumi na mbili, Desemba linachelewa mpaka karibu saa kumi na mbili na nusu. Saa moja ya mwisho kabla ya hapo ndiyo ya dhahabu kwa matofali mekundu. Panga msafara ukiitunza saa hiyo, na uiandike kwenye ratiba ya watu wa protokole, maana wasipoiona kwenye karatasi wataijaza salamu.

Misimu nayo ina masharti:

- Mei hadi Septemba: anga safi, lakini vumbi jekundu liko kila mahali. Badilisha lenzi ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa. Asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali, kwa hiyo bibi harusi awe na shali, ivuliwe wakati wa picha tu.
- Septemba na Oktoba: mijakaranda inachanua na barabara zinajaa maua ya zambarau. Ni wakati mzuri kuliko yote, ingawa joto la Oktoba linayeyusha vipodozi.
- Novemba hadi Machi: mvua, hasa alasiri. Mawingu mazito ni rafiki wa mpiga picha kwa sababu mwanga unakuwa laini. Mvua yenyewe itafutie mahali pa ndani palipokubaliwa tangu mapema, pamoja na miavuli miwili mikubwa isiyo na matangazo ya kampuni yoyote.

Ndani ya kanisa

Kwenye makanisa ya zamani madirisha yako juu, kuta hazirudishi mwanga, na dari liko mbali mno. Kule kurusha flashi juu ili mwanga ushuke laini, ambako kunafanya kazi sebuleni, hapa hakufanyi lolote. Flashi inamaliza betri na picha inabaki ya giza.

Anza na mipangilio hii, kisha rekebisha:

- Lenzi ifunguliwe f/2.8 au zaidi. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ni ya bei nafuu na inatosha kwa nusu ya kazi.
- ISO 1600 hadi 3200, na usiogope 6400. Chembechembe kidogo zinavumilika, picha iliyotikisika haivumiliki.
- Kasi isishuke chini ya 1/160 wanapotembea, 1/100 wanaposimama.
- Hifadhi faili ghafi, si JPEG peke yake.

Kabla ya misa mwone paroko ana kwa ana. Muulize mambo manne: flashi inaruhusiwa wakati gani, mwisho wako wa kusogea ni wapi, nani mwingine atakuwa na kamera, na maarusi wangapi wanafunga ndoa kwenye misa hiyo. Swali la mwisho watu hulisahau. Parokia nyingi hufungisha ndoa za jozi kadhaa kwa misa moja, na wapiga picha wanne wanaogombea sehemu moja wanaharibu ibada na picha zote. Mkutane dakika kumi kabla, mgawane nafasi: nani atakaa kulia, nani kushoto, nani atarudi nyuma wakati wa pete za wenzake.

Pete zenyewe zina adui ambaye hatajwi: maikrofoni. Padri anasoma maneno, msaidizi ananyoosha mkono na maikrofoni, na mkono huo unapita katikati kabisa ya vidole viwili ulivyovisubiri miezi sita. Zungumza na huyo msaidizi mapema. Mwombe asimame upande ule ule na padri na aishike maikrofoni chini ya kidevu, akitokea upande wa pili wa kamera yako. Maarusi nao waambiwe wavishane taratibu, viwiko vikiwa vimeshuka, mikono ikiwa usawa wa kifua. Wengi wanavishana pete kana kwamba wanafichana.

Matofali mekundu, gauni jeupe, ngozi nyeusi

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo picha nyingi za mji wetu zinapoharibikia.

Kamera inapopima mwanga inadhani dunia yote ni ya kijivu. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unazama. Suti nyeusi kumi zikisimama mbele yako, inaongeza mwanga, na nakshi za gauni zinaungua zikawa karatasi tupu. Usiiachie iamue. Pima kwenye shavu la bibi harusi lililo upande wa mwanga, halafu angalia kama gauni limeungua. Likiungua, punguza kidogo kidogo mpaka nyuzi zake zionekane. Kivuli cha uso kinaweza kuinuliwa baadaye kwenye kompyuta. Nakshi iliyoungua haipo tena, hakuna cha kuinua.

Na msiwatie watu weupe wasiokuwa nao. Wateja wengine wanaomba "utusafishe", na programu za simu zimewazoesha. Ngozi nyeusi iliyopimwa vizuri inang'aa yenyewe, ina rangi ya joto, ina uhai. Mwonyeshe mteja picha mbili zilizochapwa, moja iliyopaushwa na moja iliyoachwa na rangi yake, umwache ashike zote mbili mkononi.

Tofali nalo lina tabia yake. Jua likilipiga, linarusha rangi ya chungwa kwa kila kilicho karibu. Bibi harusi akiegemea ukuta wa namna hiyo, upande mmoja wa gauni unakuwa kama umemwagiwa chai, na shavu linaiva. Msogeze hatua mbili au tatu mbele. Rangi ya tofali inabaki nyuma yake, haimpandi. Kwa ukuta ulio kivulini hakuna shida, anaweza kuegemea. Vikwembe vya sare vyenye rangi kali vinapendeza mno mbele ya tofali, isipokuwa vyekundu na vya kahawia, ambavyo vinamezwa. Kama familia haijachagua sare bado, waambieni.

Jengo lisiwameze watu

Kosa la kawaida: mpiga picha anataka mnara wote, anarudi nyuma na lenzi pana, anainua kamera. Matokeo ni kanisa linaloanguka kinyumenyume na maarusi wakubwa kama punje za maharage.

- Rudi nyuma zaidi, tumia milimita 50 hadi 85, kamera ikiwa wima usawa wa kifua. Kuta zitasimama.
- Mnara wote upigwe mara moja tu, kama picha ya kumbukumbu. Nyingine zote zichukue kipande: mlango, tao, ngazi, kivuli cha dirisha sakafuni.
- Waweke maarusi mbele ya kilicho giza kama wamevaa nyeupe. Mlango wa kanisa uliofunguliwa, ndani kukiwa na kiza, ni mahali bora kuliko ukuta wowote.
- Picha ya familia nzima ipigwe kwenye ngazi, f/8, wazee wakiwa wamekaa safu ya kwanza kwenye viti vilivyoletwa mapema.

Kuhusu hiyo picha ya familia: iwe na orodha, na orodha iwe mikononi mwa mtu wa familia, si mwako. Shangazi wa upande wa bibi harusi anajua sura zote, na sauti yake inasikika. Wewe hujui nani ni mjomba mkubwa, na ukimruka utasikia habari yake miaka mingi. Anza na wazee na walio safarini, maliza na marafiki. Makundi kumi yanatosha.

Msilijeruhi jengo

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafa. Nalikumbuka kila ninapoombwa kumpandisha bibi harusi kwenye roshani ya nyumba ya zamani. Roshani, paa, kingo za ngazi, mbao za sakafu: muulize mtunzaji wa jengo zinabeba watu wangapi. Asipojua, jibu ni hapana.

Mengine ya kuepuka:

- Moshi wa rangi. Unapenya kwenye tofali na chokaa na hautoki kwa mvua.
- Misumari, gundi na utepe wa plastiki kwenye milango na nguzo. Mapambo yasimame kwenye stendi zake.
- Karatasi za kumetameta. Maua ya kweli yanafagiliwa, plastiki inabaki kwenye mianya.
- Kusogeza benchi, sanamu au kitu chochote cha ibada bila kuuliza.
- Kupanda kwenye altare. Hakuna picha inayohalalisha hilo.

Mashaka mnayonitumia

*"Sina lenzi za bei ghali."* Kamera ya kawaida, lenzi moja ya milimita 50 na ziara moja ya kulijua jengo vinamshinda mwenye mzigo wa vifaa asiyejua jua linatokea wapi.

*"Ndugu wenye simu wanaziba njia."* Mwombe padri au mtangazaji aseme mara moja, mwanzoni, kwamba njia ya katikati iachwe wazi hadi maarusi wafike mbele. Maneno ya padri yanasikilizwa, yako yatachukuliwa kama ugomvi. Wakati wa kutoka waacheni wapige wapendavyo.

*"Umeme ukikatika?"* Chukulia kwamba utakatika. Betri zote zijazwe usiku wa kuamkia Ijumaa, si Ijumaa usiku, ili shirika la umeme, SNEL, likikata bado una siku nzima ya kutafuta jenereta. Beba angalau betri nne za kamera na taa mbili ndogo za betri.

*"Ndoa ya komini ina haja ya picha?"* Ina haja kubwa. Ndiyo inayoandikwa na afisa wa serikali, na mkono unaosaini daftari ni picha ambayo wajukuu wataitafuta. Ofisi huwa finyu na zina taa za mirija zinazochanganyika na mwanga wa dirisha. Omba taa izimwe kama dirisha ni kubwa. Simama nyuma ya bega la bourgmestre, yaani mkuu wa komini, kwa ruhusa yake, ili uone nyuso na kalamu pamoja.

*"Mteja anataka picha zote usiku uleule."* Mpe kumi kwa simu. Kazi nzima iandikwe kwenye mkataba pamoja na tarehe, malipo ya awali, na kitakachofuata mvua ikinyesha au ruhusa ikifutwa.

Baada ya harusi

Usifute kadi yoyote mpaka nakala ziwe mahali patatu: kompyuta, diski ya nje, na nyumba nyingine au hifadhi ya mtandaoni. Kamera yenye sehemu mbili za kadi iandike kwenye zote mbili.

Kisha chagua picha tatu au nne zinazoonyesha jengo vizuri, zisizo na watu au zenye watu waliokubali, uzichape na kumpelekea paroko au mtunzaji. Nyuma ya kila moja andika kwa kalamu ya risasi: jina la jengo, upande uliopigwa, siku, mwezi, mwaka. Fundi atakayekuja kukarabati tao au dirisha miaka ishirini baadaye atahitaji kujua lilikuwaje, na mara nyingi hakuna mwingine aliyelipiga kwa uangalifu kama wewe. Barua yako ijayo ya kuomba ruhusa iambatane na moja ya picha hizo.